Baba Alipokuwa Ng'ambo ya Laga

Nilipohamishiwa Kakuma kufanya kazi ya uuguzi, nilienda na baiskeli. Ilikuwa ya mitumba, nyepesi, yenye matairi membamba, niliyoinunua Lodwar kwa mtu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Baba yangu aliitazama ikifungwa juu ya gari, akasema hiyo ni baiskeli ya watu wa lami, na mimi nilikuwa nakwenda mahali pa miiba. Alijua anachosema. Maisha yake yote ya kazi aliendesha malori katika barabara ile ya Kakuma, tangu enzi ambazo lami ilikuwa imebomoka vipande vipande na magari yalisafiri kwa msafara, yakisindikizwa na askari.

Miiba ya mathenge, ule mti uliotapakaa kila mahali huko, ilinipata wiki ya kwanza. Niliikokota baiskeli juani hadi soko la kambi ya wakimbizi, nikaelekezwa kwa fundi mmoja mwenye kibanda cha mabati. Alikuwa mkimbizi kutoka Kongo, mwanamume wa rika langu, mrefu, mwenye sauti ya chini. Aliigeuza baiskeli, akazungusha gurudumu, akatikisa kichwa.

"Dada, kinga yako imechoka," aliniambia.

Bila kufikiri nilishika mkono wangu, hapa juu karibu na bega. Siku hiyo nilikuwa nimeshinda nikichanja watoto, na kwangu mimi kinga ni ile inayoingia mwilini kwa sindano. Nikamuuliza amejuaje habari za kinga yangu. Alinitazama, akaitazama baiskeli, akautazama mkono niliokuwa nimeushika. Alielewa kabla yangu, akacheka mpaka akaweka bisibisi chini. Kwao, alinieleza akijifuta machozi, kinga ni baiskeli. Nilirudi nyumbani na viraka vitatu kwenye tyubu, na njiani nilijikuta nikicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Tulianza kuendesha pamoja Jumamosi. Yeye alikuwa na baiskeli aliyoiunga mwenyewe, fremu ya hapa, magurudumu ya pale, lakini ilikuwa haipigi kelele hata kidogo. Tulikuwa tunatoka alfajiri kabla jua halijapata nguvu, tunashika lami kuelekea Kalobeyei, milima ya Pelekech ikisogea polepole mbele yetu, kwanza nyeusi, halafu ya zambarau, halafu kahawia kavu iliyojaa mawe. Vichuguu vya mchwa vilisimama kando ya barabara, virefu na vyembamba. Mahali fulani tulikuwa tunaiacha lami na kufuata njia ya mbuzi hadi kwenye makorongo yaliyochimbwa na mvua chini ya mlima. Humo ndani kuta za udongo mwekundu zilikuwa juu kutupita, na asubuhi kulikuwa na ubaridi ambao huwezi kuupata mahali pengine Kakuma. Tulibeba baiskeli begani, tukaketi juu ya mwamba, tukanywa chai ya chupa. Mbuzi walituangalia kutoka juu.

Wanawake waliokuwa wakichunga walitusalimia, ejok, nasi tukaitikia, ejok noi. Halafu waliniuliza kwa Kiturkana yule ni nani. Mara ya kwanza nilisema ni fundi wangu. Mmoja wao akauliza kwa nini basi fundi amekuja na mimi wakati baiskeli haijaharibika. Pembeni fundi mwenyewe aliniomba nimtafsirie. Sikutafsiri.

Ilikuwa katika makorongo hayo aliponisimulia barabara ya kwao. Alizaliwa Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, na alipokuwa kijana alikuwa akiendesha baiskeli kutoka Uvira kushuka Baraka, akibeba bidhaa za mjomba wake. Aliweka chai chini ili anionyeshe kwa mikono miwili: ziwa kushoto, mlima kulia, na barabara imebanwa katikati. Mito inashuka kutoka mlimani na kuikata barabara, alisema, na kila unapofika mtoni unashuka, unavua viatu, unavuka, unapanda tena. Alivitaja vijiji vyake kimoja kimoja. Nilimwambia sisi pia tuna ziwa. Alijua, kwa sababu samaki wakavu wa ziwa hilo wanauzwa sokoni Kakuma na amewala miaka yote, lakini hakuwahi kuliona. Mkimbizi hatoki kambini akaenda anakotaka. Anahitaji kibali, na kibali kinahitaji sababu, na kutamani kuona maji hakukuwa sababu ambayo ofisi yoyote ingeielewa.

Mwaka wa pili wa Jumamosi hizo aliniuliza kama angeweza kwenda kumwona baba yangu. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Nilimpigia baba simu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hapana. Sikuitarajia hapana hiyo. Nilidhani tatizo ni Kongo, au kambi, au kwamba mtu hana mifugo. Haikuwa hivyo. Baba alisema amewabeba wakimbizi wengi kwenye lori lake, anawapenda, ni watu wazuri, lakini siku moja ndege inakuja na inawapeleka Amerika, inawapeleka Kanada, na hawarudi. Aliniuliza kama najua Kanada ni mbali kiasi gani. Nilisema sijui. Akasema yeye pia hajui, na ndiyo maana hataki.

Mama alichukua simu akanong'ona kwamba tuje hivyo hivyo.

Kibali kilipatikana, cha siku chache, kwa ajili ya shughuli ya familia. Mimi nilitaka tupande gari. Yeye alisema tuende kwa baiskeli. Nilimkumbusha kwamba Kakuma mpaka kwetu Lodwar si Kakuma mpaka Kalobeyei, ni safari ya siku nzima chini ya jua linaloua watu, na kwamba baba yangu hatavutiwa na jasho. Alikuwa anapaka mafuta cheni. Alijibu bila kuinua kichwa.

"Nataka anione nimechoka," alisema. "Nimechoka kwa ajili ya mtoto wake."

Tukaondoka wakati nyota bado zipo. Mpaka leo sijui safari nyingine iliyoanza vizuri kama ile. Lami mpya ilikuwa nyororo, upepo ulikuwa bado umelala, na magurudumu yalitoa mlio mmoja mdogo kama mtu anayenong'ona. Jua lilichomoza mbele yetu. Tulisimama kwenye kibanda cha mama mmoja kando ya barabara tukanywa chai na mandazi, na madereva wa malori waliokuwa pale wakamuuliza yeye kama amefukuzwa na polisi. Kisha joto likapanda. Baada ya hapo hatukuongea sana. Yeye alikaa mbele kunikinga upepo, nami niliangalia mgongo wake, shati likiloa na kukauka, likibaki na chumvi nyeupe kama ramani. Vilima vya mawe meusi vilipita, halafu tambarare, halafu vilima tena, na kila baada ya muda barabara iliinama kuingia kwenye laga, ile mito yetu ya mchanga ambayo kwa mwaka mzima ni njia ya ngamia tu.

Mchana niliona mawingu upande wa magharibi, juu ya milima ya mbali. Kwetu hakukuwa na tone. Mtu wa Turkana anajua maana ya mawingu ya namna hiyo, na mimi nilijua, ila nilikuwa nimechoka, nikajiambia yako mbali.

Tulifika kwenye laga moja kubwa, pale barabara inaposhuka na kuvuka mchanga juu ya zege, bila daraja. Maji yalikuwa yameshafika. Yalikuwa ya kahawia, mazito, yakibeba matawi na mizizi, na yalinguruma kiasi kwamba hatukusikia breki zetu wenyewe. Lori moja lilikuwa limesimama upande wetu, dereva amelala chini yake. Wanawake wawili wachungaji walikuwa wameketi kwenye kivuli cha mti wa mgunga na mbuzi wao. Tulilaza baiskeli chini tukaketi nao.

Nikampigia baba, ambaye mama alikuwa ameshamwambia tunakuja. Mtandao ulikuwa unakuja na kuondoka. Nilimwambia tumekwama, tutachelewa, wasitungoje kula. Aliuliza laga gani. Nilimweleza: kilima chenye kichwa kilichokatika upande wa kushoto, miti mitatu ng'ambo. Simu ikakatika.

Wanawake walitupa maziwa kwenye kibuyu. Yule mkubwa aliniuliza kama huyu ndiye mume, nikasema bado, akasema basi mvua imekuja vibaya. Tulingoja. Jua lilianza kuinama. Ndipo nikaona pikipiki ikisimama ng'ambo, mzee akashuka taratibu, fimbo mkono mmoja na mkono mwingine ekicholong, kile kigoda kidogo cha mti ambacho wazee wetu hutembea nacho. Aliweka kigoda chini ukingoni mwa maji, akaketi, akatutazama.

"Ni nani yule?" mwenzangu aliuliza.

"Ni baba," nilisema.

Mwenzangu alisimama haraka mno mpaka akapiga kichwa kwenye tawi. Alianza kujipangusa vumbi, akafunga vifungo vya shati, kama kwamba mtu aliye mbali vile angeweza kuona vifungo. Nilipunga mkono. Baba alipunga fimbo. Alisema kitu, lakini maji yalikuwa yanakula kila neno. Tukajaribu kupiga kelele kwa zamu, wanawake wakitusaidia, na hakuna kilichofika. Halafu simu yangu ikalia. Alikuwa baba. Hakutaka kuongea na mimi. Alisema nimpe huyo mtu.

Niliweka simu kwenye sauti ya juu, nikamshikia mwenzangu karibu na mdomo. Baba alizungumza naye Kiswahili, kile cha Lodwar kisichojisumbua na sarufi.

"Wewe ndio ule wa baiskeli?"

"Ndiyo, baba. Ni mimi."

"Songa mbele kidogo nikuone."

Alisogea mpaka ukingoni. Baba akamwambia ageuke. Aligeuka, mzima, polepole. Mwanamke mkubwa alicheka ndani ya kanga yake. Nilikuwa nimeona baba akinunua ng'ombe kwa namna hiyo hiyo.

"Umekula?"

"Tumekula mandazi asubuhi, baba. Na hawa mama wametupa maziwa."

Kisha baba akauliza lile swali, na hakulizungusha.

"Siku ndege ikikuita, utafanya nini na msichana yangu?"

Mwenzangu alinitazama. Tulikuwa tumeliongea jambo hilo mara nyingi makorongoni na hatukuwahi kulimaliza. Angeweza kusema hataenda popote. Ndilo jibu ambalo mzee alitaka, na mimi nilikuwa nataka alitoe.

"Sijui kama itaniita, baba," alisema. "Ikiniita, siwezi kukudanganya kwamba sitataka kwenda. Lakini sitaenda kwa siri, na sitaenda bila yeye kukubali. Nitakuja nikuambie nikiwa nimesimama mbele yako."

Ng'ambo ile nilimwona baba ameshusha simu kwenye goti, anayatazama maji. Yule wa pikipiki alisogea akamwambia kitu, labda kwamba warudi mjini kabla ya giza. Baba alitikisa kichwa. Kisha akainua simu tena.

"Sasa sikiliza," alisema. "Usijaribu kuvuka. Mimi nimeona lori ikibebwa hapa, na lori ilikuwa na simiti. Keti. Ngoja ipungue. Mimi iko hapa."

Na kweli alikuwa pale. Alikaa kwenye kigoda chake saa zote zilizobaki, nasi tukakaa upande wetu, tukitazamana. Mara kwa mara aliinua fimbo, na mwenzangu aliinua mkono. Nadhani katika maisha yangu sijawahi kumwona baba kwa muda mrefu namna ile bila mmoja wetu kuwa na shughuli. Alikuwa mdogo wa mwili kuliko nilivyomkumbuka.

Maji ya laga yanavyokuja ghafla ndivyo yanavyoondoka. Jioni matawi yaliacha kupita, halafu zege likaanza kuonekana pembeni, jeusi na lenye tope. Dereva wa lori aliamka, akaingia kujaribu, maji yakamfika magotini. Mwenzangu hakungoja kuambiwa. Alikunja suruali, akabeba baiskeli yangu begani, akaingia. Nilikuwa nyuma yake nimeshika viatu. Tulipokuwa katikati niliona baba amesimama, ameacha kigoda na fimbo, naye anaingia majini na suruali yake ya Jumapili.

Walikutana mahali ambapo maji yalikuwa bado yanavuta. Hawakusalimiana kwa mikono kwa sababu mwenzangu hakuwa na mkono wa bure. Baba aliipokea baiskeli, akaiinua juu na chini kama anayepima uzito.

"Ndiyo nyepesi hivi?" aliuliza.

"Ni nyepesi, baba."

"Leta ile ingine."

Akageuka akaibeba baiskeli yangu hadi ng'ambo, na mwenzangu akarudi kuchukua yake. Nilibaki pale katikati, maji kwenye miguu, nikiwatazama wanaume wawili wakienda pande mbili, na nikaanza kulia, kisha nikaona aibu kwa sababu wale wanawake walikuwa wananiangalia.

Tuliingia Lodwar nyuma ya pikipiki. Baba alikuwa amegeuza shingo njia nzima, kuhakikisha tupo.

Hakuna aliyesema ndiyo usiku huo wala kesho yake. Mama alipika, wajomba walikuja, wakala, wakamuuliza mambo ya Kongo. Siku ya tatu, kibali kikiwa bado hakijaisha, mwenzangu aliomba ruhusa kwenda kuona ziwa. Baba alisema barabara ya Kalokol ina miiba na sisi hatujui kuziba pancha, jambo ambalo halikuwa kweli hata kidogo kwa mmoja wetu, akaita tena ile pikipiki ili naye atufuate.

Ile ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote. Unatoka Lodwar, unaacha mikoma ya mto Turkwel nyuma, na upepo wa asubuhi unakupiga ubavuni hadi unaendesha umeinama kama mtu anayesikiliza mlangoni. Vilima vya mawe meusi vinakufuata. Karibu na Kalokol yapo yale mawe yaliyosimama wima, ya watu wa kale, ambapo wapita njia huongeza vijiwe vidogo juu yake. Mwenzangu aliuliza kwa nini. Baba alisema watu wanaweka tu. Wote wawili wakaweka.

Halafu mteremko mrefu, na maji. Mwenzangu alishuka kwenye baiskeli na kuisukuma mpaka ziwani, magurudumu yakazama nusu, akasimama pale. Ziwa letu ni la kijani na lina chumvi kidogo, na siku zile lilikuwa limepanda likameza miti, ambayo ilisimama ndani ya maji ikiwa mikavu. Mitumbwi ya kwenda Longech ilikuwa inapakia watu. Alichota maji akaonja, akasema si ladha ya kwao. Kisha akaketi mchangani na kufunika uso.

Nilitaka kumfuata. Baba alinizuia kwa fimbo. Alikwenda yeye, akaweka kigoda chake pembeni, akaketi. Niliwasikia vizuri kwa sababu upepo ulikuwa unaleta sauti.

"Mama yako iko wapi?" baba aliuliza.

Ni swali dogo. Kakuma alikuwa ameulizwa mara nyingi na watu wenye kalamu mkononi, lakini nadhani hii ilikuwa mara ya kwanza kuulizwa na mtu aliyetaka tu kujua. Alimweleza. Mama yake alizikwa Uvira, na baba yake hawakuwahi kumpata. Alieleza kwa muda mrefu, akitaja vile vijiji vya barabara ya Baraka nilivyovijua tayari. Baba alisikiliza bila kumkatiza. Mwishoni alinyanyuka akamshika kichwa, kama anavyotushika sisi.

"Ukitaka kuona maji, useme," alimwambia. "Tunakuja."

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba tumekubaliwa. Tulivuka kwa mtumbwi hadi Longech kwa shangazi yangu, ambaye alitukaangia samaki na kumwita mkwe kabla ya mtu yeyote kumwambia.

Tulifunga ndoa Kakuma. Kwaya ya Wakongo iliimba upande mmoja, mama zangu wa Kiturkana wakacheza kwa kuruka upande wa pili, na wale wa Sudan Kusini waliokuwa jirani zake sokoni walileta ngoma zao bila kualikwa. Ndege ilikuja kuita mara moja. Alihojiwa, tukahojiwa wote wawili, tukaenda kumwambia baba tukiwa tumesimama mbele yake. Baba alisema twende kama tunataka, akaenda kulala mchana kutwa. Baada ya hapo ofisi ya safari hizo haikutupigia simu tena. Mume wangu huumia kwa jambo hilo siku fulani fulani, na siku nyingine hulisahau. Mimi sijui ningetaka liishe vipi. Tuna binti, tuna kibanda kikubwa zaidi cha baiskeli, na nina kazi yangu.

Mwezi uliopita tulishuka Lodwar kwa wiki moja. Siku ya pili asubuhi baba, ambaye aliendesha kila aina ya lori lakini hakuwahi kupanda baiskeli, alimwambia mume wangu, kwa sauti ya mtu anayezungumzia jambo la mwingine, kwamba angependa kujua inasimamaje. Walitoka wote wawili kwenda kwenye uwanja mkavu nyuma ya nyumba. Mume wangu alishika kiti kwa nyuma akikimbia, baba akakanyaga pedali huku anatoa maagizo, shika, usiachie, nimesema usiachie. Mama aliketi mlangoni akicheka hadi akakosa pumzi. Baba alianguka mara mbili, mara ya pili kwenye miiba, na nilimtoa miiba hiyo kwa pini kwenye kiganja huku akilalamika kwamba breki ziko mahali pabaya.

Bado hajajua kuendesha. Jana alipiga simu kuuliza tunakuja lini.